Je, mapenzi ya kuchomelea vyuma hubaki pale ufundi unapogeuka kuwa riziki?

KaraniWaKurasini (ameuliza)

Ndugu zangu mafundi, pamoja nanyi mnaoupenda ufundi huu bila kuishi nao, nawasalimu.

Nina umri wa miaka 31, na kwa miaka 7 sasa ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, hapa Kurasini, Dar es Salaam. Miaka 3 iliyopita jirani yangu wa Mbagala, ambaye ni fundi wa mageti, aliniachia nishike mashine yake kwa dakika chache huku yeye akinywa chai, na tangu siku ile akili yangu haijarudi yote kwenye nyaraka. Nilinunua mashine ya inveta ya ampea 200, kofia inayojitia giza yenyewe moto unapowaka, na grenda ndogo. Hadi sasa nimetengeneza meza mbili, kitanda cha mama yangu, ngazi ya kupandia kwenye tangi la maji, na kitoroli cha kubebea mitungi ya gesi.

Ninachokipenda naweza kukitaja. Ni ile nusu dakika baada ya kuzima moto, wakati gamba lililofunika mshono bado ni jekundu, kisha linaanza kuwa jeusi na kutoa mlio mdogo kama chumvi iliyotupwa kwenye mafuta ya moto. Na kama mwendo wa mkono na kiasi cha umeme vilikuwa sawa, gamba hilo hujinyanyua lenyewe kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kuguswa na nyundo, na chini yake huonekana mistari iliyopangana kama magamba ya changu. Nimewahi kukaa chini sakafuni, saa 5 usiku, nikiutazama mshono mmoja wa urefu wa kiganja, na sikuona kwamba nimepoteza muda.

Mwaka huu jirani mwingine, mama mtu mzima ambaye namheshimu sana, aliniomba nimtengenezee geti la futi 12 kwa futi 7, lenye pande mbili. Tulikubaliana shilingi 300,000 za ufundi, vifaa anunue yeye. Nilidhani ni kazi ya wikiendi mbili, lakini ilichukua tano. Upande wa kwanza ulipinda: nilipopima kutoka pembe hadi pembe, mshazari mmoja ulizidi mwingine kwa milimita 14, ikanibidi nikate pembe mbili na kuanza upya. Nilipotoa gharama za vijiti vya kuchomelea, mawe ya grenda, umeme na gari la kulibeba geti, kilichobaki mkononi kilikuwa shilingi 85,000. Mishono yote niliitengeneza kwa uangalifu mkubwa, hata ile ya ndani. Siku ya kulisimamisha, mama alilizunguka mara mbili, akashukuru, akasema, "Baba, rangi umeipatia kweli."

Sasa ninafikiria kuacha kazi. Nina akiba ya kutosha kula kwa miezi 5, na mke wangu hapingi, ila ameniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: je, nikiamka kila siku kuchomelea mageti ya watu kwa sababu kodi ya nyumba inadaiwa, bado nitakaa sakafuni usiku nikitazama mshono? Ninaomba jibu kutoka kwa watu waliokwisha kuyapita haya, kwa sababu ninaogopa zaidi kukipoteza kitu hiki kuliko kuukosa mshahara.

FundiMkongweGerezani

Mwanangu, umeuliza kwa adabu, nami nitakujibu kwa urefu, kwa sababu vijana wengi wameniuliza jambo hili nikiwa nimeshika kazi mkononi, na mara nyingi niliwajibu kwa haraka na vibaya.

Nafanya ufundi huu mtaa wa Gerezani, hapa hapa Dar es Salaam, tangu mwaka 1994. Nilijifunza kwa mashine iliyosukwa hapa hapa mtaani, transfoma ya nyaya za shaba iliyotumbukizwa kwenye pipa la mafuta ili isiungue, isiyo na kitufe cha kupunguza wala kuongeza umeme bali vichwa vitatu vya waya, nawe ulichagua kimoja na kubana hapo. Kofia ilikuwa moja kwa mafundi wanne. Wengine tulivaa miwani ya jua, na usiku, saa nane au tisa baada ya kazi, macho yalikuja kuwaka kana kwamba yamejaa mchanga, mama zetu wakatukatia vipande vya viazi mbatata tuviweke juu ya kope. Viazi vilipoza tu, havikuponya kitu. Nakueleza hivyo ili ujue kwamba mapenzi ninayoyazungumzia hayakuzaliwa kwenye raha.

Mwaka jana nilimpa mwanafunzi wangu simu yangu, nikamwambia aiwashe saa ya kuhesabu kila moto unapowaka na kuisimamisha kila unapozimika. Tulianza saa 2 asubuhi, tukafunga saa 11 jioni. Kwa siku nzima hiyo moto uliwaka kwa saa 1 na dakika 20. Muda uliobaki tulikuwa tukipima, tukikata, tukisugua kutu, tukimsubiri mwenye guta alete mabomba ya mraba kutoka dukani, tukiyarudisha mawili kwa sababu unene wake haukuwa ule tuliolipia, tukisaga, tukipaka rangi ya kuzuia kutu, tukimpigia mteja simu ambaye alisema atakuja na hakuja, na kwa karibu saa nzima umeme ulikuwa umekatika. Wewe unapenda hiyo saa 1 na dakika 20. Mimi ninalipwa kwa siku nzima. Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, jiulize kama unaweza kuzivumilia hizo saa nyingine, na ikiwezekana kuzipenda baadhi yake, kwa sababu mkate umo humo.

Kuhusu rangi, nakuelewa. Kwa miaka yote hii sikumbuki mteja wa nyumba aliyeinama kuutazama mshono. Huangalia rangi, hufungua na kufunga mara mbili, husikiliza kama komeo linaingia bila kulia, basi. Hiyo ni haki yake, maana geti ni lake na macho ni yake. Lakini nikueleze yaliyonipata mimi nilipoichukua haki yake hiyo kuwa ruhusa yangu.

Mwaka 2009 mteja mmoja alinibana bei hadi nikakubali kiasi ambacho hakikunitosha, na moyoni nikaamua kwamba atapata kazi ya thamani aliyolipa. Bawaba zake nilizishikiza kwa vidoa vitatu vitatu badala ya kuzizungushia mshono kamili, nikafunika kwa puti, nikasaga, nikapiga rangi. Lilikuwa geti safi kwa macho kuliko mengi niliyowahi kuyatengeneza. Maji ya mvua yakapata njia chini ya puti, na baada ya masika mawili kutu ilikuwa imekula vile vidoa. Asubuhi moja mlinzi alilivuta geti kama alivyolivuta kila siku, upande mmoja ukamwangukia mguuni, mfupa ukavunjika. Nilimhudumia kwa miezi 4 hadi akatembea. Hakunishtaki, na hilo ndilo lililonitesa zaidi. Nilipokwenda kuliangalia lile geti lililolala chini, niliona bawaba imechomoka na ganda la puti limebaki limeshikilia rangi, jeupe, kavu, bila chuma ndani yake.

Tangu siku hiyo nina kanuni moja ambayo siijadili na mteja: bei inaweza kupunguza mapambo, maua, mikuki ya juu, hata unene wa bati la kufunikia, lakini bawaba, nguzo na komeo vinapata mshono kamili hata kama nitapata hasara. Mapenzi yangu yamehamia huko. Zamani niliupenda mshono unaopendeza. Sasa naupenda mshono uliopo mahali ambapo hakuna atakayeangalia na mtu atapita chini yake. Sijui kama wewe utakubali mapenzi ya namna hiyo, maana hayana utamu wa kukaa sakafuni usiku, lakini yamedumu.

Sasa mambo ya mkono. Geti lako lilipinda kwa sababu ulichomelea pembe moja hadi mwisho kabla ya kwenda ya pili. Chuma kinapopoa hunywea, na kinaponywea huvuta upande ulioanza. Shikiza pembe zote 4 kwanza kwa vidoa, pima mishazari, gonga hadi ilingane, kisha chomelea kwa kupishana pembe zinazotazamana, kidogo kidogo, na upime tena katikati ya kazi. Na bei yako ilikosea tangu mwanzo. Uliuza mkono wako peke yake, ukasahau kuuza mawe ya grenda, vijiti, usafiri, uchakavu wa mashine na siku ya kurudia ulichokosea, ambayo kila fundi anayo na lazima iwe ndani ya bei.

Vilevile soma kibati kilicho nyuma ya mashine yako. Kama kimeandikwa ampea 200 kwa asilimia 60, maana yake ni kwamba kwa kiwango hicho cha umeme, katika kila dakika 10 itafanya kazi 6 na kupumzika 4. Mashine nyingi ndogo za bei nafuu zina asilimia iliyo chini ya hiyo. Nyumbani hutaona tofauti, lakini kwenye karakana, ukiwa na madirisha 20 ya grili yanayotakiwa Ijumaa, utaiona ndani ya wiki chache, na harufu yake ni ya waya unaoungua.

Usiache kazi mwezi huu.

KijanaWaBuguruni

Shikamoo mzee, na kaka Karani nakusalimu.

Mimi nina jambo fupi. Wengi wetu tuliomo kwenye kazi hii hatukuanza kwa kupenda. Nilipomaliza kidato cha nne matokeo hayakuwa mazuri, mjomba akanichukua, akanikabidhi kwa fundi wa Buguruni, na hakuna aliyeniuliza kama ninapenda. Mwaka wa kwanza nilisaga kutu na kununua chai. Mwaka wa pili nilichukia. Mwaka wa tatu lililetwa boza la maji linalovuja kwenye mshono wa chini. Mafundi wawili walikuwa wameliziba na likavuja tena. Nililala chali chini yake siku nzima, nikachimba mshono wa zamani wote kwa grenda hadi nikafika kwenye chuma safi, kisha nikachomelea upya juu ya uso wangu, cheche zikiniingia shingoni. Jioni likajazwa lita 10,000, na mwenye boza akaniambia tutaonana asubuhi. Asubuhi nilikuta vumbi chini ya tangi ni kavu. Niliinama nikaligusa kwa mkono.

Kwa hiyo wewe unauliza kama mapenzi yatakufa kwa sababu ya kazi, na mimi nakujibu kwamba kwangu kazi ndiyo iliyoyaleta. Sisemi kwamba itakuwa hivyo kwako.

MwalimuWaKemia_Ukonga

Kaka Karani, salamu. Mzee wa Gerezani, shikamoo. Maneno yako kuhusu bawaba nimeyasoma mara mbili.

Mimi ni mwanamke, nafundisha kemia sekondari, na nachomelea vyuma uani kwangu Ukonga kila Jumamosi kwa mwaka wa sita sasa. Natengeneza vigoda, taa za mezani na stendi za maua, nyingi kwa vipande vya nondo na minyororo ya pikipiki iliyokwisha kazi. Sijawahi kufikiria kuacha ualimu, na ninaomba nikueleze kwa nini, kwa sababu naona unadhani kwamba anayebaki na mshahara ni mtu asiyethubutu.

Miaka 2 iliyopita mwenye mgahawa mmoja alikiona kigoda changu, akaagiza 24 vinavyofanana. Nilifurahi mno. Kigoda cha kwanza kilinichukua siku mbili na nilikipenda. Cha pili kilikuwa rahisi zaidi. Kufikia cha tano nilikuwa nimekwisha kutengeneza kielekezi cha mbao cha kukunjia nondo ili miguu yote iwe sawa, na kuanzia hapo sikuwa nikifikiri tena, nilikuwa nikihesabu. Cha tisa mguu wake mmoja ulitoka na mkunjo ambao sikuukusudia, mkunjo mzuri kuliko wote, na nilisimama nikiutazama nikijua kwamba lazima niukate kwa sababu haufanani na vingine. Niliukata. Fedha nilizipata zote na zilinisaidia ada ya mwanangu, lakini kwa miezi 4 baada ya kazi ile sikuiwasha mashine.

Kile nilichokipoteza kwenye kigoda cha tisa ni ruhusa ya kuharibu. Mshahara wangu wa ualimu ndio unaoilipia ruhusa hiyo. Ninaweza kuunguza kipande cha chuma cha wiki nzima, nikakitupa, na watoto wangu wakala kama kawaida. Fundi wa riziki hana nafasi hiyo, na ndiyo maana ninamheshimu kuliko ninavyojiheshimu mimi kwenye ufundi huu: yeye lazima apatie leo. Siku hizi nikipokea oda, napokea kitu kimoja tu, na mteja anakubali mapema kwamba sitakirudia.

Kuna jambo jingine ambalo nalisema kama mwalimu wa kemia, na nalisema kwa uzito. Unapobadilisha saa mbili za Jumamosi kuwa siku sita za wiki, unabadilisha pia kiasi cha moshi unaouvuta. Mwaka 2017 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la kwanza, yaani vitu ambavyo ushahidi unatosha kusema vinasababisha saratani kwa binadamu. Usichomelee ndani ya chumba kilichofungwa, na simama upande ambao upepo unaupeleka moshi mbali na uso wako. Na mabomba yaliyopakwa zinki yaogope zaidi: zinki huchemka kwenye nyuzi joto 907, wakati chuma huyeyuka karibu na nyuzi 1,500, kwa hiyo kabla hujafika kwenye dimbwi la chuma tayari zinki imekuwa mvuke na moshi mweupe. Nilichomelea uzio wa namna hiyo mchana mmoja bila kujua, na usiku nilitetemeka kwa baridi chini ya blanketi mbili, mwezi wa Desemba, hapa Dar es Salaam, mdomoni nikisikia ladha kama ya sarafu. Nilidhani ni malaria. Homa iliisha kesho yake. Majirani walinishauri maziwa, kama mafundi wengi wanavyoamini, lakini maziwa hayazuii kitu kilichoingia kwa njia ya mapafu; kinachosaidia ni kuisaga ile zinki sentimita kadhaa kila upande kabla ya kuwasha moto, kuvaa barakoa inayofaa, na kufanya kazi mahali penye hewa.

Ukifanya kazi hii kwa riziki, kuna siku mteja atakuja na mabomba ya zinki, atataka yamalizike leo, na atakuwa ameleta hela kamili. Amua sasa utamjibu nini.

MkonoWaBomba

Wakubwa shikamooni. Ningependa kuongeza upande ambao haujaguswa, kwa sababu vijana wengi wanaposikia kwamba mageti hayalipi, huambiwa, "Nenda kwenye mabomba."

Nimechomelea mabomba ya gesi na ya maji kwa miaka 11, ndani na nje ya nchi. Mtihani wetu mkubwa ni ule ambao bomba hufungwa likiwa limelala kwa nyuzi 45, halizungushwi wala halisogezwi, nawe ndiwe unayelizunguka, ukianza chini kwa shingo iliyopinda na kumaliza juu. Kuna mshono wa kwanza unaoitwa mzizi, ambao ukikosea milimita mbili umeharibu yote yatakayofuata. Kisha matabaka ya kujaza, kisha la kufunika. Vijiti vya kazi nzito vyenye hidrojeni kidogo hutunzwa kwenye tanuri dogo, kwa sababu vikinyonya unyevu hidrojeni huingia kwenye mshono na chuma kinaweza kupasuka saa nyingi baada ya kupoa. Kwa kanuni tulizozifuata, kijiti cha namna hiyo kikikaa nje kwa zaidi ya saa 4 hakitumiki hadi kikaushwe tena. Na kwa unyevu wa pwani yetu hii, kanuni hiyo si ya kuwekea watu ugumu.

Ndugu Karani, wewe unasikitika kwamba mama wa geti alisifu rangi. Kwenye mabomba utampata mtu anayeutazama mshono. Atauangalia kwa tochi, ataupima kwa kipimo, kisha ataupiga picha ya eksirei na kuiweka picha hiyo kwenye mwanga. Lakini hatafuti uzuri. Anatafuta kasoro, na neno zuri kuliko yote atakaloliandika ni "imekubaliwa". Katika miaka 11 sijawahi kuandikiwa neno jingine la heri. Mwanzoni liliniumiza. Baadaye nikagundua kwamba nalisubiri neno hilo kama mtoto anavyosubiri matokeo, na kwamba usiku wa kuamkia majibu ya eksirei silali vizuri hadi leo. Kama hayo si mapenzi, basi sijui niyaite nini.

Uhuru, hata hivyo, haupo. Karatasi ya maelekezo inasema kijiti gani, ampea ngapi kutoka wapi hadi wapi, chuma kipashwe moto kiasi gani kabla ya kuanza. Ukiwa na wazo lako zuri kuhusu mwendo wa mkono, unabaki nalo. Kisha mradi huisha. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo zimo nchini kwetu. Ni kazi kubwa, lakini hata kilomita hizo zina mwisho, na mshono wa mwisho ukikubaliwa, waliochomelea hutawanyika. Vyeti vyetu navyo vina uhai wake. Kwa kanuni nyingi za kimataifa, ukikaa miezi 6 bila kuchomelea kwa njia iliyoandikwa kwenye cheti, sifa ile imekufa na lazima ujaribiwe upya. Nimewahi kumaliza mradi, nikakaa nyumbani miezi 7, na nikawa mtu mwenye mkono ule ule lakini asiyeruhusiwa kugusa bomba.

Katika miezi hiyo 7 nilitengeneza mageti, mtaani kwetu. Yalinilisha. Kwa hiyo mzee wa Gerezani, kazi yenu ndiyo iliyonishika mkono wakati ile ya eksirei iliponiacha.

Kwa anayetaka njia rasmi, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina mafunzo ya uchomeleaji katika kituo chake cha Chang'ombe, na pia ina utaratibu wa kumpima na kumpa cheti fundi aliyejifunzia mtaani. Si cheti cha mabomba, lakini ni pa kuanzia, na mtu mwenye kazi ya ofisi asikurupuke kuacha mshahara kabla hajalijua hilo.

KaraniWaKurasini

Mzee wangu, shikamoo. Mwalimu, kaka wa mabomba na mdogo wangu wa Buguruni, nawashukuru kutoka moyoni.

Nilisoma majibu yenu usiku wa Alhamisi, na Jumamosi asubuhi nikachukua nyundo na tochi, nikaenda kwa yule mama. Nilimwambia nataka kuangalia bawaba. Zile tano nilizozichomelea nikiwa nimesimama zilikuwa na mshono kamili, na nilipozigonga zilitoa mlio mmoja uliojaa. Ya sita ni ile ya chini kulia, iliyo karibu na ardhi, ambayo niliichomelea nikiwa nimelala ubavu jioni ya mwisho nikiwa nimechoka. Kwa juu ilikuwa nzuri. Kwa chini, mahali ambapo sikuwa nimeweka hata kioo nikaangalia, kulikuwa na urefu wa vidole vitatu usioshika kabisa. Gamba limebaki ndani na rangi imepita juu yake. Mimi niliyewaandikia hapa kwamba mishono yote niliitengeneza kwa uangalifu mkubwa niliandika jambo ambalo sikuwa nimelihakikisha.

Nilirudi nyumbani nikaleta mashine, nikaegemeza geti kwa matofali, nikasaga hadi chuma kikang'aa, nikachomelea upya. Mama alinitolea kiti na chai ya tangawizi. Aliniuliza kulikuwa na tatizo gani, nikamwambia ukweli, naye akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama rangi ya kupaka pale imebaki. Ilikuwa imebaki.

Barua ya kuacha kazi sijaiandika, na kwa sasa sitaiandika. Mke wangu nimempa jibu hili: swali lake sitalijibu kabla sijazifahamu hizo saa ambazo moto hauwaki. Mzee, ninakuomba, kama karakana yako ina nafasi, nije kila Jumamosi kwa miezi 3, bila malipo, nifanye lolote utakalonipa. Kofia ninayo yangu.

FundiMkongweGerezani

Marahaba, mwanangu. Kuirudia ile bawaba umefanya vema, na kumwambia mama ukweli umefanya vema zaidi.

Njoo Jumamosi hii saa 1 kamili asubuhi, uvae viatu vya ngozi na suruali isiyo ya nailoni. Tunakwenda Kigamboni kupima madirisha 14 kwenye nyumba ambayo fundi mwashi hakuyasawazisha, kwa hiyo kila dirisha lina kipimo chake, na mwenye nyumba anataka bei siku hiyo hiyo kabla hatujaondoka. Uje na tepu ya mita 5, daftari na kalamu mbili. Kofia iache nyumbani kwanza.